Acheni Kuiita Nyepesi

"Nzuri, lakini nyepesi." Ndiyo hukumu aliyoitoa mwenzetu mmoja katika kikundi chetu cha wasomaji, wiki chache zilizopita, baada ya mimi kuwatumia wenzangu kwinteti ya vyombo vya kupuliza aliyoitunga Carl Nielsen, Mdenmarki, mwaka 1922. Akaongeza kwamba huo ni muziki wa kuusikiliza huku mtu anakunja nguo. Watu wakacheka, mazungumzo yakarudi kwenye riwaya ya mwezi, na Nielsen akabaki mlangoni kama mgeni ambaye hakukaribishwa kiti.

Sikujibu siku ile. Nilikuwa na sababu, nayo ni ya aibu: miaka kadhaa iliyopita maneno hayohayo niliyasema mimi, tena kwa kujiamini zaidi. Niliwahi kumwandikia rafiki yangu kwamba Nielsen wa simfonia ni mtu mzima na Nielsen wa kwinteti ni babu anayewachekesha wajukuu. Nilidhani nimesema jambo la maana. Kwa hiyo leo namjibu mwenzetu, na papo hapo najijibu mwenyewe. Nikiwa mkali, mjue sehemu ya ukali huo inanirudia mimi.

Hoja yangu ni hii. Kwinteti ya Nielsen si nyepesi hata kidogo. Ndani yake kuna swali zito kuliko maswali ya kazi nyingi zinazolia kwa sauti kubwa: je, watu watano wasiofanana kabisa wanaweza kukaa pamoja na kusema neno moja bila yeyote kati yao kulazimishwa kuwa kama mwenzake? Nielsen alitumia karibu dakika 25 kulijibu. Anayesikia vichekesho tu hajasikia jibu, kwa sababu hata swali lenyewe limempita.

Tuanze na tarehe, maana zinasema mengi.

Tarehe 24 Januari 1922, mjini Copenhagen, Simfonia ya Tano ya Nielsen ilipigwa kwa mara ya kwanza. Wanaoijua wanajua lile tukio la ngoma ndogo katika sehemu ya kwanza. Okestra inajitahidi kuupandisha wimbo mpana, na mpiga ngoma ameandikiwa maagizo ya kupiga atakavyo, kana kwamba amekusudia kwa gharama yoyote kuuzuia muziki usiendelee. Inatisha. Ulaya ilikuwa imetoka kwenye vita miaka mitatu tu nyuma, na kila aliyesikia ngoma ile aliweza kufikiria jambo lake mwenyewe. Hakuna mtu aliyewahi kuiita simfonia hiyo nyepesi, wala hatatokea.

Sasa basi, kwinteti imeanza lini? Majuma machache tu baadaye. Nielsen alikwenda Gothenburg, Sweden, alikokuwa akiongoza okestra, na huko majira ya kuchipua ya mwaka huohuo akaandika kazi hii ya watu watano. Mwisho wa Aprili ikapigwa faraghani katika nyumba ya marafiki zake mjini humo, na Oktoba ikasikika hadharani Copenhagen. Ni mtu yuleyule, kalamu ileile, hata wino wa simfonia haujakauka vizuri. Tena ni mtu ambaye ndoa yake na mchongaji Anne Marie ilikuwa imeyumba kwa miaka, wakiishi mbalimbali, na katika kipindi hicho ndipo walipokuwa wakitafuta njia ya kurudiana.

Wapenzi wa neno "nyepesi" huzitumia tarehe hizi kinyume. Eti alikuwa amechoka na simfonia, akaandika kwinteti kujipumzisha. Mimi naona ajabu. Mtu aliyetoka kuandika ngoma inayojaribu kuua wimbo mzima atakaaje wiki chache baadaye aandike juu ya watu watano wanaozungumza, halafu tuseme mambo hayo mawili hayahusiani? Simfonia inaonyesha mmoja anayetaka kuwanyamazisha wote. Kwinteti inauliza itakuwaje kama hakuna anayenyamazishwa. Kwangu mimi swali la pili ni gumu zaidi. Kupigana kila mtu anajua, lakini jaribu kukaa.

Kuna hadithi nyingine inayopendwa sana, nayo imefanya madhara. Inasemekana kwamba majira ya kupukutika ya 1921 Nielsen alimpigia simu mpiga piano Christian Christiansen, na kupitia simu hiyo akasikia kwa nyuma wapulizaji wa Kwinteti ya Copenhagen wakifanya mazoezi ya kazi inayohesabiwa kuwa ya Mozart. Akavutiwa, akaomba aje kusikiliza, na hakukawia kufika. Baadaye akawaandikia kazi hii wanamuziki walewale. Aliwafahamu mmoja mmoja: nani mpole, nani mkaidi, nani anapenda kusikilizwa. Mpiga klarineti wao, Aage Oxenvad, husimuliwa hadi leo kuwa mtu wa hasira za karibu.

Hadithi tamu, siibishii. Shida ni matumizi yake. Watu huichukua na kusema: ahaa, kumbe ni katuni tu, marafiki watano wamechorwa pua ndefu na masikio makubwa, tucheke twende zetu. Jamani! Tangu lini kuchora tabia ya mtu kukawa kazi ndogo? Sisi tunaosoma riwaya ndio wa kusema hivyo? Tunapomsifu mwandishi kwamba kila mhusika wake ana ulimi wake, kwamba ukifunika majina bado unajua nani anasema, huwa tunaita hicho kipaji cha juu. Nielsen amefanya jambo hilohilo bila kutumia neno hata moja, nasi tunamwambia amefanya mzaha. Mwenyewe alieleza katika maelezo yake mafupi kuhusu kazi hii kwamba amejaribu kuonyesha tabia ya kila chombo, na kwamba kuna wakati vinazungumza vyote kwa pamoja na wakati mwingine kila kimoja kimo peke yake. Tumsome kwa uangalifu. Amezungumzia tabia na mazungumzo. Hakusema vichekesho.

Na hakupata habari ya tabia za sauti kwa simu ya 1921. Katika kitabu chake cha kumbukumbu za utotoni kisiwani Fyn, alichokitoa mwaka 1927, anasimulia jinsi alivyokuwa akigonga magogo ya kuni nyuma ya nyumba yao, akagundua kwamba kila gogo, kwa urefu na unene wake, lina sauti yake. Baba yake alikuwa mpaka rangi wa nyumba na mwanamuziki wa harusi, akipiga fidla na tarumbeta ndogo, na watoto walikuwa 12. Akiwa na miaka 14 Carl aliingia beni ya jeshi mjini Odense, akawa mpiga parapanda na tromboni. Huyu si bwana wa saluni anayejaribu vyombo vya kupuliza kwa udadisi. Ni kijana wa beni. Alijua pumzi inavyoisha, midomo inavyochoka, na mwenzako wa kushoto anavyokufunika ukilegea.

Sasa nije kwenye shtaka la pili, lile linalosemwa na wanaojua kidogo zaidi. Hao husema: shida ya kwinteti ya kupuliza ni kwamba sauti hazichanganyiki. Kwarteti ya nyuzi ni kama uji uliokorogwa vizuri. Hii ni kama sahani yenye vitu vitano vinavyotazamana.

Kweli kabisa! Nakubali kila neno, kisha nauliza: na ubaya wake nini?

Tazameni vyombo vyenyewe. Filimbi haina ulimi wowote. Ni pumzi inayokatwa na ukingo wa tundu. Obo ina vipande viwili vyembamba vya tete vinavyotetemeka pamoja, na ukitaka kumjua ndugu yake wa karibu kwetu, mfikirie zumari wa pwani, yule anayeweza kuutoboa ukuta wa kelele za harusi. Klarineti ina kipande kimoja cha tete kilichofungwa kwenye mdomo wake. Basuni nayo ina viwili kama obo, lakini bomba lake ni refu mno, limekunjwa, na sauti inatoka kifuani. Halafu kuna baragumu, lile la shaba lililoviringwa, ambalo halina tete kabisa. Tete lake ni midomo ya mpigaji. Hawa ni watu wa koo tano. Violini mbili, viola na selo ni watoto wa tumbo moja waliopishana kimo tu. Wao wakipatana, ni desturi. Hawa watano wakipatana, imetokea kazi.

Watunzi wa miaka hiyo wote waliijua tabia hiyo ya vyombo vya kupuliza, na kila mmoja alichagua la kuifanyia. Igor Stravinsky alitoa okteti yake mwaka 1923, na mwaka uliofuata akaandika makala kuieleza kuwa ni kitu, kama vile kitu chochote kilichotengenezwa, kisichobeba hisia za kuongezwa na mpigaji. Vyombo vya kupuliza alivipenda kwa ukavu wao. Arnold Schoenberg alimaliza kwinteti yake mwaka 1924 kwa watano walewale kama wa Nielsen, akawapa sheria ya noti 12 ambayo kila mmoja aliitii sawasawa. Zote mbili naziheshimu, na ya Stravinsky inanifurahisha kila mara. Lakini oneni tofauti. Mmoja aliona vitu, wa pili akaona sheria, Nielsen akaona watu. Na kwa sababu aliona watu, ndiye anayeitwa mwepesi. Sijui tulifika lini mahali ambapo kitu ni kizito kuliko mtu.

Tuingie sasa ndani ya kazi yenyewe, maana maneno ya mlangoni yametosha.

Anayefungua mlango ni basuni. Peke yake. Kwa desturi basuni ni wa kushika chini, mbeba mizigo. Nielsen anampa neno la kwanza, sentensi tulivu katika E meja, na wengine wanamjibu kutoka juu. Tayari hapo ngazi ya vyeo imelegezwa. Katika sehemu nzima ya kwanza hamna bwana wa kudumu. Wazo linapita mkono hadi mkono, na kila linapopita linachukua rangi ya mkono. Baragumu likilipokea, linakuwa pana na la mbali kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Obo akilipokea, lina ncha. Huwezi kusema ni nani mwenye wazo.

Sehemu ya pili ni menueti, densi ya zamani ya majumba ya wakubwa. Hapa ndipo mkunja nguo wetu anapotabasamu na kusema, "Si nilisema?" Sawa, ni tamu. Lakini sikiliza wanavyogawana: klarineti na basuni wanacheza wawili, wengine wamekaa, kisha wengine wanashika zamu. Nielsen anajua kunyamazisha. Katika kazi ya watu watano, kumwambia mmoja "wewe subiri" na bado asionekane amesahauliwa ni adabu, na adabu hiyo imeandikwa kwenye noti.

Kisha inakuja sehemu ya tatu, na hapa namuuliza mwenzetu kwa upole: uliisikiliza mpaka hapa, au nguo zilikuwa zimekwisha?

Inaanza na utangulizi wa mwendo wa polepole. Mpiga obo anaiweka obo kando na kuchukua dada yake mkubwa, mrefu zaidi na mwenye sauti ya giza. Kila kitu kinabadilika. Sauti zinagongana, filimbi na klarineti zinaruka ghafla kama mtu aliyeshtuka usingizini, na chini yao hakuna ardhi ya kukanyaga. Wale watano waliokuwa wakipokezana maneno vizuri sasa kila mmoja anasema na ukuta. Haichukui muda mrefu, lakini ukiusikia utangulizi huu vizuri huwezi tena kutumia neno "nyepesi" kwa chochote kinachofuata. Mtunzi ametuonyesha mapatano yanapovunjika yanavyokuwa. Anajua. Alikuwa akijua tangu mwanzo.

Halafu, bila mbwembwe, mpigaji anarudi kwenye obo yake, na wote watano wanaimba mahadhi ya wimbo wa kanisani. Ni mahadhi aliyoyatunga Nielsen mwenyewe miaka kadhaa kabla, kwa ajili ya watu wa kawaida kuimba ibadani. Yametulia, hayana pambo, mtoto anaweza kuyashika. Na mahadhi hayo ndiyo yanayopewa vibadala 11.

Kibadala cha tano kimekuwa maarufu kwa wachekeshaji: klarineti na basuni wamebaki wawili na wanagombana. Klarineti anapanda, anashuka, anafoka. Basuni anajibu kutoka chini kwa ukaidi wa mzee aliyekwisha kuamua. Ni kichekesho, nakubali, hata mimi nacheka. Ila tazameni kilicho chini ya kicheko. Wote wawili bado wameshikilia mahadhi yaleyale ya ibada. Wanagombana ndani ya sala moja. Kwa yeyote aliyewahi kukaa katika ukoo, hilo si jambo la katuni.

Kibadala cha saba, basuni anaachwa peke yake kabisa, hakuna anayemsindikiza. Cha tisa, baragumu linaachwa peke yake vilevile. Hapa ndipo roho ya kazi hii ilipo. Nielsen angeweza kuwapa upweke huo filimbi au obo, waliozoea kupendwa. Amewapa wawili ambao kwa kawaida huwa nyuma, wanaojaza, wanaoshika nguzo ili wengine wapendeze. Anawaita mbele mmoja mmoja na kusema: haya, mahadhi ni yako pia, tuambie wewe unayasikiaje. Wanne waliobaki wanakaa kimya, wanasikiliza. Mara ngapi umeona jambo hilo katika maisha?

Na hapa nitasema jambo langu, kwa sababu ndilo lililonibadilisha, wala halikuwa kitabu cha muziki.

Baba yetu alipofariki tulibaki watoto watano. Kulikuwa na nyumba, na kulikuwa na kikao. Baba mdogo akatuambia tuingie chumbani tuongee, "lakini mtoke na sauti moja." Tulitoka na sauti moja. Ilikuwa sauti ya kaka mkubwa. Wazee wakatusifu, wakasema watoto wa marehemu wana umoja, na nyumba ikauzwa. Baada ya miaka minne dada yangu anayenifuata aliniambia jikoni kwake, akimenya vitunguu, kwamba yeye hakukubali hata siku moja. Nikamuuliza mbona hukusema. Akanijibu, "Kaka, hakuna aliyeniuliza. Mlinikuta kimya mkadhani nimeitikia."

Usiku ule nikiwa nyumbani niliifungua kwinteti hii bila mpango, nilitaka tu kitu kisichonidai chochote. Nilitaka kitu chepesi! Kikafika kibadala cha saba, basuni likabaki peke yake na wengine wanne kimya, nami nikazima taa nikakaa. Kimya cha wale wanne na kimya cha dada yangu ni vimya viwili tofauti. Cha kwanza kinampa mwenzako nafasi. Cha pili kimetokana na kunyimwa. Sisi kwenye kikao tulikuwa na uji uliokorogwa vizuri sana, kila mtu alisifu ulaini wake, na dada yangu alikuwa amesagwa ndani yake.

Tangu hapo neno "kuchanganyika" nalitazama kwa shaka, katika muziki na kwingineko.

Sasa nitakuwa mwadilifu. Wapo wanaoikuta kazi hii nyepesi kwa sababu wamepigiwa nyepesi. Makundi mengine hupiga kila kibadala kama mzaha, hukimbilia menueti, na utangulizi ule wa giza huupaka poda. Wengine hufanya kosa la upande wa pili: hulainisha sauti zote zifanane, obo asikwaruze, baragumu lisivimbe, mpaka unapata kitu kizuri cha kupigiwa kwenye ukumbi wa hoteli. Ukisikia hivyo, laumu upigaji. Nakubali pia kwamba si vibadala vyote 11 vina uzito sawa. Viwili vitatu vinapita kama watu wanaokusalimia njiani, huwakumbuki ukifika. Sidai kazi ni msahafu. Nadai tu isikilizwe yote kabla ya kuhukumiwa.

Ila ugonjwa wenyewe hauko kwa Nielsen. Uko kwetu, na unaonekana wazi zaidi tunapohakiki vitabu. Tumejizoesha kupima uzito wa kazi kwa idadi ya maiti. Riwaya ikiwa na vita, njaa na mwehu mmoja, tunaiita nzito kabla hatujafika ukurasa wa 30. Ikiwa na watu wanaokula, wanaotaniana, wanaochokozana barazani, tunaiita ya burudani. Tunasahau kwamba Muyaka wa Mombasa alijibizana na washairi wa Lamu wakati wa uhasama wa kweli wa miji miwili, na katika tungo zake dhihaka na hatari zililala kitanda kimoja. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa kuwa amechekesha, basi hakuwa na jambo. Kucheka kwake ndiko kulikokuwa jambo. Majibizano ya kishairi tuliyorithi yana kanuni ambayo Nielsen angeielewa mara moja: unachukua bahari na vina vya mwenzako, unamjibu ndani ya nyumba yake mwenyewe, na bado unabaki wewe.

Na mwisho wa kwinteti? Kibadala cha 11 ni gwaride, beni ya Odense imerudi, kijana wa miaka 14 anapita barabarani. Kisha mahadhi ya ibada yanarudi. Hayarudi kama yalivyokuwa. Mwanzoni yalihesabiwa tatutatu. Sasa yanahesabiwa nnenne, kwa mwendo mpana wa sherehe. Wala haturudi kwenye E meja ya basuni ya mwanzo. Tunamalizia A meja, nyumba nyingine kabisa. Wamesafiri. Wanaimba wote watano kwa pamoja, na hiki ndicho ninachowaomba mkisikilize: baada ya yote hayo, obo bado ni obo. Baragumu bado ni baragumu. Ukitega sikio unamsikia kila mmoja amesimama wapi. Mahadhi ni mamoja, na hakuna aliyesagwa.

Nielsen hakuishia hapo na wale watano. Aliazimia kumwandikia kila mmoja wao kazi yake ya kusimama mbele ya okestra. Filimbi ilipata yake mwaka 1926, na klarineti ya Oxenvad ikapata yake mwaka 1928, kazi kali, yenye ugomvi ambao hakuna atakayeucheka. Obo, baragumu na basuni walikuwa bado wanangoja zamu mauti yalipomfika Oktoba 1931. Mtu haweki ahadi ya kazi tano kwa ajili ya utani. Aliwaza juu ya watu hao mpaka mwisho.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa kikundi, sikuombi uipende. Nakuomba jioni moja uziache nguo kwenye kamba. Kaa. Anza na utangulizi wa sehemu ya tatu usije ukasema umedanganywa na menueti, nenda mpaka kibadala cha saba, halafu niambie wale wanne walionyamaza walikuwa wanafanya nini. Ukiniambia walikuwa wanapumzika, nitanyoosha mikono. Ukiniambia walikuwa wanamsikiliza mwenzao, basi tutaanza mazungumzo, na safari hii kila mtu aseme lake.

Dada yangu nimempelekea pia. Alisikiliza mara mbili, akanitumia ujumbe mfupi: "Huyo wa sauti nene, anayeachwa peke yake. Huyo nampenda."